Maswali ya mafundi: helmeti ya kuchomelea inayoingia giza yenyewe

Swali: Habari za kazi. Nimenunua helmeti ya otomatiki, ile ambayo kioo kinaingia giza chenyewe ukigusisha rodi. Mwenzangu anadai zinachelewa, kwa hiyo kila mguso wa kwanza unaunguza macho kidogo kidogo. Nirudi kwenye kioo cheusi cha kawaida?
*Fundi mageti, Mbagala*

Jibu: Usirudi, ndugu. Kinachounguza macho ni mionzi ya urujuanimno, na kazi ya kuizuia si ya lile giza unaloliona likiingia na kutoka. Ni ya chujio lililobandikwa kwenye kioo, na chujio hilo liko kazini muda wote, hata betri zikifa. Giza linaletwa na fuwele za kimiminika, kama zile zinazoandika namba kwenye kikokotoo, nalo linapunguza ukali wa mwanga ndani ya sehemu moja ya 10,000 hadi 25,000 ya sekunde. Kioo kikigoma kuingia giza utapigwa na mwanga mkali. Acha kuchomelea hapo hapo, kwani kuukodolea mwanga ule kunaweza kudhuru retina.

Hayo ni ya kioo halisi. Soma maandishi yaliyo kwenye fremu ya kioo. Utakuta, kwa mfano, 4/9-13, alama ya mtengenezaji, 1/1/1/2, kisha 379. Namba 4 ni giza kikiwa kimepumzika, 9-13 ni giza unaloweza kuchagua, zile tarakimu nne ni ubora wa kuona (1 ndiyo bora), na 379 ni kiwango cha Ulaya cha EN 379. Zinazofuata kiwango kipya huandikwa 16321. Isiyo na alama yoyote iache dukani, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Ukiona macho yanauma ilhali helmeti ni nzima, tafuta njia ambayo mwanga umepita pembeni ya kioo: uligusisha rodi kabla hujaishusha, jirani anachomelea ubavuni mwako, au mwanga umegonga bati jipya nyuma yako ukarudi ndani ya helmeti. Na yule kijana anayekushikia geti huku amegeuza uso? Miwani ya jua haimtoshi. Mpe ngao yake.

Swali: Nikiunga bomba kwenye kona, kioo kinapepesa: giza, mwanga, giza. Helmeti imekufa?
*Fundi, Nakuru*

Jibu: Mara nyingi haijafa, imezibwa. Tazama juu ya kioo utaona vitundu viwili au vinne vidogo. Hizo ndizo sensa. Bomba, mkono wako au masizi yakizikinga, zinadhani moto umezimika. Futa plastiki ya nje kwa kitambaa laini, na ikiwa imejaa matone ya cheche ibadilishe. Kisha geuza kichwa sensa zote ziuone moto, ongeza kipimo cha wepesi wa kuhisi, na urefushe muda wa kubaki giza. Ikiendelea, weka betri mpya. Nyingi hutumia CR2032 au CR2450. Kwa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi) ya ampia chache, chini ya 20 hivi, helmeti ya sensa mbili husumbua zaidi. Kazi hiyo inataka ya sensa nne.

Ukifanya kazi juani tatizo hugeuka: kioo kinabaki giza kabla hujaanza. Punguza wepesi wa kuhisi. Na kila asubuhi bonyeza kitufe cha majaribio kabla ya kuwasha mashine. Swichi ya kusagia nayo iangalie vizuri, maana ikibaki kwenye grenda kioo hakitaingia giza kabisa.

Swali: Niweke giza namba ngapi?
*Mwanafunzi wa VETA*

Jibu: Rodi ya milimita 2.5 au 3.2, kati ya ampia 60 na 160: anzia 10 au 11. Ukivuka 160 hadi 250, 12. Kama huoni chuma kinavyoyeyuka, shuka namba moja, lakini usiende chini ya 8 kwa ampia hizo za mwanzo wala chini ya 10 kwa za pili.

Swali: Usiku macho yananichoma kama yana mchanga. Nyumbani wananiwekea viazi na maziwa.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Pole sana. Konea yako, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imeungua, na maumivu huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 12, ndiyo maana yanakukuta kitandani. Viazi na maziwa yana vijidudu, usiviweke. Toa lenzi kama unavaa, usisugue, kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na unaweza kumeza dawa ya kawaida ya maumivu. Usinunue matone ya ganzi: yanaondoa uchungu lakini yanachelewesha konea kupona. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Uoni ukififia, au kipande cha chuma kikiwa ndani ya jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.