Kisu cha kambini kwa bajeti ndogo: lipia msuka na matiko, urembo waachie wengine

Umeuliza kisu kimoja kisichokunjwa, cha kukatia chakula, kuchongea vigingi vya hema na kupasulia kuni ndogo, kidumu miaka, na mfuko umebana. Kinapatikana. Kinachowaponza wengi ni kwamba hicho kidogo walichonacho kinaishia kwenye vikorombwezo: meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kitako cha mpini, rangi nyeusi ya kutisha. Meno yale hayakati mti wa maana, yanatafuna gongo la mti unapogonga mgongo wa kisu kupasua kuni, na kila pengo kati ya jino na jino ni mahali pa ufa kuanzia. Mpini wenye uwazi wa kufichia viberiti na ndoana usiuguse kabisa. Kama ndani ni tupu, basi mara nyingi bapa, yaani sehemu ya kisu yenye makali, limeshikwa kwa kipande kifupi pale shingoni, na ndipo litakapokatikia.

Kwa hiyo anza na msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini kama ilivyo kwa jembe. Msuka kamili una upana sawa na mpini na unauona ukingoni mwote, umebanwa kwa vipande viwili vya mpini na ribiti. Huo ndio wa kuaminika zaidi kwa kugongwa. Msuka mwembamba uliofichwa si mbaya, mradi ni mrefu na haukuchongwa kona kali pale unapoungana na bapa; kona kali hukusanya mkazo wote. Mora Companion, kisu cha Uswidi ambacho kwa bei ya chini ni vigumu kukipiku, hakina msuka kamili. Bapa lake ni la sentimita 10 hivi, unene milimita 2.5, na kwa kuchonga na jikoni ni raha tupu. Kuni nyembamba kitapasua, ila usikifanye shoka.

Sasa chuma. Muuzaji akikwambia tu “chuma cha pua” bila jina, hajakwambia kitu. Majina mengine yanajieleza. Vile vya 10xx, mfano 1075 na 1095, ni vyuma vya kaboni, na tarakimu mbili za mwisho ni kaboni kwa mia ya asilimia: 1095 ina karibu 0.95%. Vile vya Kichina kama 3Cr13, 5Cr15MoV na 8Cr13MoV husomeka hivi: namba ya kwanza ni kaboni kwa sehemu ya kumi ya asilimia, inayofuata Cr ni asilimia ya kromi, madini yanayozuia kutu. Kwa hiyo 3Cr13 ina kaboni 0.3% tu, haitashika kutu kirahisi, lakini makali yake yanalala mapema. Mimi nisingeshuka chini ya 5Cr15MoV. 12C27 ya Uswidi, yenye kaboni 0.6% na kromi 13.5%, ni chaguo zuri sana kwa pesa kidogo.

Chuma cha kaboni kinanoleka upesi na kinavumilia kugongwa, lakini ukikatia limau ukakiacha usiku mmoja bila kukifuta, asubuhi kina madoa. Rangi ya kijivu inayotokea taratibu iache, inasaidia kuzuia kutu. Ile ya chungwa ndiyo kutu ya kuondoa. Ukiwa mtu wa mvua, samaki na maji ya chumvi, au mvivu wa kufuta kisu (wako wengi, hawasemi), chukua kisichoshika kutu.

Jina la chuma hata hivyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni matiko, yaani kuchoma chuma na kukipoza ili kiwe kigumu. Chuma kizuri kilichotiwa matiko vibaya kinashindwa na cha kawaida kilichotiwa vizuri. Kwa kisu cha kambi tafuta ugumu wa HRC (kipimo cha ugumu wa chuma) 56 hadi 59. Chini ya hapo makali yanajikunja. Juu sana, kwa vyuma hivi vya bei nafuu, yanamegeka. Kama hakuna namba, pitisha tupa nzuri taratibu kwenye kisigino cha makali, karibu na mpini. Ikiteleza na kukwaruza kidogo tu, kisu kimeiva. Ikila kama inakula msumari, kirudishe. Angalia pia makali yenyewe: ukiona utepe wa buluu, kilichomwa na mashine ya kunolea na hapo matiko yametoka. Ndiyo maana kisu hakipelekwi kwenye grenda wala hakitumiki kuchokonolea makaa.

Kwa vipimo, bapa la sentimita 10 hadi 12 na unene wa milimita 3 hadi 4 linatosha. Wengi hukimbilia milimita 6 wakidhani ndiyo uimara, halafu karoti haikatwi, inapasuka. Mgongo uwe na kona kali ya mraba, utafaa kukwangua kijiti cha cheche cha kuwashia moto bila kuharibu makali. Ukikishika mkononi, kitazame kutoka nchani: bapa liwe limenyooka na mstari wa makali uwe katikati. Pitisha ukucha kati ya mpini na msuka. Ukinasa, maji nayo yatapita na kutu itakula ndani usikoona. Kiweke kwenye ala, kigeuze kichwa chini, kitikise. Kikidondoka, siku moja kitadondokea mguu.

Kwenye kupasua kuni ndiko visu vingi vinakovunjikia, na kosa huwa la mshikaji. Kwa bapa la sentimita 10 usizidishe gogo lenye unene wa sentimita 6 au 7, ili ncha ibaki imetokeza upate pa kugonga. Chagua lisilo na kifundo. Simamisha gogo juu ya gogo jingine, weka makali katikati, gonga mgongo kwa gongo la mti, si jiwe wala nyundo. Bapa likishazama, gonga ncha iliyotokeza huku umeshika mpini usawa. Likikwama usilipindepinde kushoto na kulia. Chonga kabari ya mti, ipige kwenye ufa, kisu kitajiachia chenyewe.

Pesa iliyobaki nunua kinoo chenye pande mbili, namba 400 (chembe kubwa) na 1000 (chembe laini). Kisu kipya cha bei nafuu mara nyingi hakijanolewa vizuri. Paka wino wa maka peni kwenye mteremko wa makali, kisha kisugue kinooni mara tatu. Wino ukitoka juu tu, upande wa mgongo, umekilaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umekiinua mno. Visu vyenye mteremko mmoja mpana, kama Mora, vinakuonyesha pembe vyenyewe: laza mteremko ukae bapa kwenye jiwe. Vingine shika nyuzi 20 kila upande. Sugua upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijinywele cha chuma upande wa pili, urefu wote, ndipo ugeuze. Ukiwahi kugeuza kabla hakijatokea ndipo unaposaga saa nzima na kisu bado butu. Malizia kwa kukiburuta mgongo mbele kwenye mkanda wa ngozi.

Ukirudi nyumbani kioshe, kikaushe, kipake mafuta mepesi, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuutunza palepale penye chuma.