Kumtambua mtengenezaji wa chombo cha kioo cha kale: anza na mji mmoja

Nyumbani kwetu Tanga bilauri zetu zilikuwa na neno Duralex chini ya kitako, pamoja na namba ndogo ambayo sisi watoto tuliigombania, kila mmoja akitaka bilauri yenye namba kubwa. Baadaye sana nilijua kwamba namba ile ni ya kalibu iliyotumika kiwandani Ufaransa, wala haihusiani na umri wa bilauri. Hata hivyo, tabia ya kupindua chombo ili nisome kitako chake sikuiacha, na sasa ninapoishi Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ndiyo shughuli yangu ya Jumapili nyingi kwenye magulio ya vitu vya zamani.

Ndugu na marafiki huniletea picha za mabakuli na majagi wakiuliza ni nani aliyeyatengeneza. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usijaribu kuvijua vioo vya dunia nzima. Chagua mji mmoja na viwanda vyake vichache, uvisome hadi mkono wako uvizoee, kisha ndipo utoke nje ya mipaka hiyo. Mimi nilichagua Gateshead, iliyo ng'ambo ya mto Tyne kutoka ninapokaa, na jirani yake Sunderland. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 miji hiyo ilitoa kwa wingi sana vyombo vya kioo cha kalibu, yaani kioo cha moto kilichotiwa katika kalibu ya chuma na kukandamizwa kwa mtaimbo wa mashine, hata familia za kipato kidogo zikaweza kuweka mezani chombo chenye nakshi zinazofanana na za kioo kilichochongwa kwa mkono.

Kiwanda cha Sowerby cha Gateshead kilitumia alama ya kichwa cha tausi, iliyosajiliwa mwaka 1876. Ni alama ndogo, haifiki ukubwa wa punje ya mahindi, na wanaoanza wengi huidhania kuwa ni farasi wa baharini. Huwekwa chini ya kitako, na mara nyingine ndani ya chombo, mahali ambapo hakuna anayefikiria kutazama. Kwa hiyo osha chombo kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe, kisha weka tochi ya simu ubavuni ili mwanga upite juu ya kioo ukiwa umelala. Alama iliyofinyangwa hutupa kivuli na kujitokeza. Kama unatafuta alama iliyochorwa kwa asidi, ambayo ni hafifu zaidi, pulizia kioo pumzi yako, nayo itaonekana kwa nukta chache kabla ya ukungu kukauka.

Kikapu changu cha kwanza cha Sowerby kilikuwa cha rangi ya feruzi, kizito kuliko kilivyoonekana, na kando ya tausi kilikuwa na alama ya pembenne iliyosimama kwa ncha. Hiyo ni alama ya usajili wa michoro iliyotumika Uingereza kati ya mwaka 1842 na 1883. Kileleni kuna duara lenye tarakimu ya Kirumi inayotaja aina ya bidhaa, na kwa kioo ni III. Chini ya duara hilo kikapu changu kilikuwa na namba, na kwenye pembe ya kulia herufi P. Nilifungua jedwali la herufi za miaka nikasoma kwamba P ni 1851, nikafurahi kwa wiki nzima. Kilichonizindua ni tausi mwenyewe: chombo cha mwaka 1851 kingebebaje alama iliyosajiliwa miaka ishirini na mitano baadaye?

Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba majedwali ni mawili. Kuanzia 1842 hadi 1867 herufi ya mwaka iko juu, chini ya duara, na siku ya mwezi iko kulia. Kuanzia 1868 hadi 1883 mambo yalibadilishwa: siku ikapanda juu, na herufi ya mwaka ikahamia kulia. Herufi zilezile zilirudiwa kwa mpangilio uleule, hivyo P ya juu ni 1851, na P ya kulia ni 1877. Basi kabla ya kusoma herufi yoyote, tazama kwanza kilichoko chini ya duara. Kama ni herufi, uko katika kipindi cha kwanza. Kama ni namba, uko katika cha pili.

Kuanzia 1884 pembenne iliachwa, na badala yake zikaja herufi Rd zikifuatiwa na namba. Namba hizo zilianzia moja, zikafika 19754 mwanzoni mwa 1885 na 141273 mwanzoni mwa 1890, kwa hiyo ukiwa na jedwali la kila mwaka unaweza kukadiria bila shida. Daftari za usajili zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, na humo ndimo utakapopata jina la aliyesajili. Ninasisitiza neno hilo, aliyesajili, kwa sababu pengine alikuwa wakala wa London aliyefanya kazi kwa niaba ya kiwanda cha nchi nyingine. Tena tarehe ni ya mchoro. Kalibu nzuri ilitumika miaka mingi, na chombo chako huenda kilitoka kiwandani muda mrefu baada ya mwaka ule.

Alama za simba nazo huwachanganya watu. Simba wa kiwanda cha Davidson cha Gateshead ni nusu tu, akichomoza juu ya taji lenye umbo la mnara. Simba wa kiwanda cha Greener cha Sunderland ni mzima, amesimama kwa miguu ya nyuma. Katika alama ya mwanzo ameshika nyota, na katika ile iliyofuata, kuanzia miaka ya 1880, ameshika shoka la vita. Alama ikiwa imechakaa, tafuta miguu ya nyuma. Ukiiona, huyo si wa Davidson.

Vyombo vingi, hata hivyo, havina alama yoyote. Davidson walipoanza mwaka 1923 kutengeneza kioo cha mawingu, chenye michirizi ya rangi nzito inayoelea ndani ya rangi nyepesi, hawakukitia alama, na viwanda vya Ujerumani vilitoa kioo kinachofanana nacho. Hapo utategemea umbo. Linganisha kipenyo, idadi ya mikunjo ya ukingo na umbo la mguu na picha za katalogi za kiwanda, na usiridhike na "kinafanana". Kipande cha njano chenye kingo za rangi ya maziwa, aina ambayo Davidson waliitoa kuanzia 1889, hung'aa kijani kikali chini ya tochi ya urujuanimno kwa sababu kina urani. Lakini kioo cha urani kinatengenezwa hadi leo, kwa hiyo mng'ao huo hauthibitishi umri.

Kinachonisaidia zaidi kuhusu umri ni mikwaruzo ya kitako. Chombo kilichosogezwa juu ya rafu kwa miaka mia moja huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, tena pale tu kinapogusa rafu. Nikikuta mistari iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, hufikiria msasa uliotumiwa kukizeesha chombo kipya, na hukirudisha chombo mezani kwa muuzaji.