Mrehani umenawiri, harufu iko wapi?

Barua za safari hii nyingi ni za mrehani, na karibu zote zinaishia kwenye mbolea.

*Bwana shamba, nimeutilia mrehani wangu urea mara mbili. Majani mapana, kijani kibichi, lakini nikilifikicha jani harufu naitafuta. Nimeuziwa mbegu mbovu? (Tanga)*

Mbegu iache kwanza. Harufu ya mrehani ni mafuta yanayokaa ndani ya vifuko vidogo mno kwenye ngozi ya jani, ukilifikicha, vinapasuka. Urea ni nitrojeni asilimia 46, na nitrojeni kazi yake ni kulisukuma jani likue. Likikua mbio, mafuta hayafuati kwa kasi ileile, unabaki na jani kubwa lenye harufu hafifu. Linaloli, inayoupa mrehani ule utamu wa maua, haina hata chembe ya nitrojeni: mmea huitengeneza kwa kaboni unayoivuna kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo nami nikuulize: umeupanda chini ya mwembe? Acha urea, punguza kivuli, kata matawi juu ya jozi ya pili ya majani, usubiri machipukizi. Hayo uyanuse kabla ya kumfuata muuza mbegu.

*Mimi nakeneka mafuta ya mrehani. Basi nisitie mbolea kabisa? (Morogoro)*

Utapata vijani vikali vya kujaza kiganja! Wewe unahesabu mafuta ya eka nzima. Nitrojeni ya kiasi huongeza majani, na jumla ya mafuta hupanda hata kama jani mojamoja halikuzidi kunukia. Igawe kidogokidogo baada ya kila mavuno. Anayewauzia watunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, ndiye ningemwambia ajizuie, maana kikuba hakipimwi kwa mizani.

*Nasikia majani haya yana viini vinavyokinga mwili. Mbolea inavipunguza? (Nairobi)*

Nitrojeni ikizidi, ndiyo. Kiini kinachotajwa sana ni asidi ya rosmarini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya aina tatu za mrehani, na mimea iliyopewa nitrojeni kidogo kabisa ndiyo iliyokuwa na asidi hiyo kwa wingi. Sababu yake naipenda. Mmea una malighafi iitwayo fenilalanini, yenye njia mbili: kujenga protini au kujenga asidi za aina hii. Nitrojeni ikiwa tele, protini inaichukua. Ikiadimika, mmea huivua fenilalanini nitrojeni yake, ukaipeleka penye shida zaidi, na kinachobaki kinageuzwa asidi. Potasiamu nayo ilipoongezwa, katika majaribio yaliyofuata, viini hivyo vilipanda. Ila usiache vidonge vyako vya presha kwa ajili ya majani matatu kwenye kachumbari.

*Mrehani wangu unanukia karafuu. Ni kwa sababu uko karibu na mikarafuu? (Pemba)*

La. Karafuu hunukia hivyo kwa sababu ya eujenoli, na baadhi ya mirehani inayo eujenoli yake yenyewe. Ni asili ya mbegu. Mbolea inaweza kusogeza vipimo kidogo, haiwezi kuugeuza mrehani wa aina moja kuwa mwingine. Ukiupenda, weka mbegu zake.

*Samadi ya kuku inafaa? (Kisumu)*

Iliyooza vizuri, na kidogo. Mbichi huunguza mizizi, na ina nitrojeni nyingi, kwa hiyo utarudi palepale alipo mwenzako wa Tanga. Mimi nachagua mboji au samadi ya ng'ombe iliyokaa. Jambo lingine ni wale kuvu wanaoishi na mizizi na kuipatia fosforasi: mrehani uliopandwa pamoja na baadhi yao umeonekana kutoa mafuta zaidi. Udongo uliojaa DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, huwafanya wasihitajike, wakapungua.

*Na majivu ya jikoni? (Kilifi)*

Yana potasiamu, tia kiganja kimoja kwa shimo. Usiyachanganye na urea wala samadi mbichi, nitrojeni itaruka hewani ikiwa amonia. Na kama udongo wako ni wa chokaa ya matumbawe, yaache kabisa.