Muulize Afande Mstaafu: "Ameniachia saa ya baba yake"

SWALI: Shikamoo Afande. Nimemaliza kidato cha sita na jina langu limetoka kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Limetoka pamoja na la rafiki yangu, tumekaa dawati moja tangu kidato cha tatu, na tumepangwa kikosi kimoja. Baba yake alifariki Februari. Juzi tulikwenda kununua raba na bukta za kambini, akasema, "Mimi za nini? Chukua zako tu." Nilidhani hana hela, nikamnunulia na yeye. Wiki hiyo hiyo akanipa kikokotoo chake na saa aliyoachiwa na marehemu. Usiku akaniandikia kwamba amechoka kuishi, na nikimwambia mtu urafiki umekwisha. Asubuhi akasema alikuwa anatania. Nina binamu yuko jeshi la anga la Marekani, anasema wao hufundishwa darasani jinsi ya kumsaidia mwenzao akifika hapo. Mimi sijafundishwa na mtu. Nikisema nimemsaliti, nisiposema silali. Nifanyeje? (Mwenye Raba Jozi Mbili, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Mhariri alinipigia siku ile ile, nami nikampigia kijana. Mama wa rafiki yake sasa anajua, na rafiki huyo ameshaonwa na daktari. Ninayoandika hapa nayaandika kwa ruhusa ya wote wawili, kwa sababu mwezi huu kuna vijana wengi wanaofunga tranka zao, na si huyu peke yake mwenye rafiki wa namna hii.

Kilichonishtua ni ile saa. Ujumbe wa usiku mtu anaweza kuuita utani asubuhi, lakini kijana hagawi saa ya marehemu baba yake kwa utani.

Nitakusimulia la kwangu, na halinipendezi. Nilikuwa matroni wa hanga, yaani bweni la kambini, la wasichana katika kikosi ambacho sitakitaja. Wiki ya tano ya mafunzo binti mmoja mpole, mwembamba, alianza kugawa vitu vyake. Kipande cha sabuni, kopo la kiwi, mafuta ya nazi, mwisho shuka jipya ambalo hata kulichafua hajalichafua. Kambini shuka ni mali, hakuna anayegawa. Mwenzake aliyelala kitanda cha chini alinifuata baada ya kuhesabiwa usiku. Akasimama wima, akasema, "Afande, fulani hayuko sawa." Mimi nikamjibu neno nililolijibu kwa kila kitu miaka ile: "Anatega huyo, anakwepa kazi. Nenda kalale."

Yule wa kitanda cha chini hakubishana, kuruta habishani na afande. Alirudi hangani, akapanda kitanda cha juu, wakalala wawili kwenye godoro la mmoja. Alimshika mkono mpaka filimbi ya alfajiri. Wenzao walipotoka mchakamchaka yeye alimwongoza hadi zahanati ya kikosi, akaingia naye ndani, akakaa naye kwenye benchi. Kwangu hakupita tena, na alifanya vizuri. Mbele ya mganga yule mpole alitoa mwenyewe mfukoni barua aliyokuwa amemwandikia mama yake. Leo ana duka la vitenge na watoto wawili. Aliyemwokoa alikuwa na miaka kumi na tisa, na adhabu ya kukosa mchakamchaka aliipata. Niliitoa mimi.

Basi sikia ulichouliza. Ukimuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, humtilii wazo hilo kichwani. Hofu hiyo ipo kila mahali, hata kwa wauguzi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Walioulizwa habari ya kujiua hawakuwa na fadhaa zaidi ya wale wasioulizwa, na waliokuwa tayari wameelemewa, swali halikuwaongezea mzigo. Kwa hiyo uliza kwa neno lenyewe. Usiseme "hujambo lakini?" wala "si unajua maisha ni matamu?" Sema: "Kaka, unafikiria kujiua?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana sisi tumelelewa kujaza kimya kwa "Mungu yupo" na "utapoa tu". Mungu yupo, sawa, lakini hujajibiwa bado.

Jeshi la Marekani limeyafunga haya kwa maneno matatu ambayo askari wake hukaririshwa: uliza, jali, sindikiza. Hilo la tatu nalipenda, maana sisi kusindikiza tunakujua. Mgeni humwachii mlangoni, unatoka naye mpaka njia panda. Hapa njia panda haitoshi: unatoka naye mpaka unamkabidhi kwa mtu mzima anayeweza kufanya kitu, na huondoki mpaka uone amepokewa. Na kitu chochote cha hatari kilichoko karibu yake kiondolewe, hata kwa usiku mmoja. Jeshi la Israel mwaka 2006 lilipunguza ruhusa ya askari vijana kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki, na vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 40. Vijana walikuwa wale wale na shida zao zile zile, ila usiku mbaya uliwakuta chombo hakipo karibu.

Kuhusu siri: siri ya msichana gani anampenda, ifie kwako. Hii siyo. Akikukasirikia mwaka mzima, mshukuru Mungu kwamba kuna mtu wa kukukasirikia.

Sasa binamu yako. Anachokizungumzia nadhani ni mafunzo yaitwayo Wingman-Connect. Wingman ni yule rubani anayeruka ubavuni mwa kiongozi wa msafara na kumlinda. Usichanganye na mawinga wa Kariakoo, madalali wa sokoni, wale wanalinda kamisheni. Kuanzia Oktoba 2017 hadi Oktoba 2019 jeshi la anga liliwajaribu vijana 1,485 waliokuwa kwenye mafunzo ya ufundi, madarasa 215, wastani wa umri miaka 21 hivi. Madarasa mengine yalifundishwa kukabili msongo wa mawazo, kila mtu na wake. Mengine yalipewa vipindi vitatu vya saa mbili mbili vya kujenga kundi lenyewe: nani wa kumtegemea, kwa nini tuko hapa, mwenzako akianza kuteleza unamwonaje kabla hajaanguka. Kisha pande zote mbili zikapata kipindi kimoja cha kukumbushia na ujumbe mfupi wa simu kwa miezi sita. Baada ya mwezi mmoja, waliofundishwa kama kundi walikuwa na mawazo ya kujiua machache kuliko wale wengine, na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ilikuwa pungufu kwao. Baada ya miezi sita nafuu ya sonona ilikuwa bado ipo, ile ya mawazo ya kujiua ilikuwa imefifia kiasi cha kutoweza kuapiwa. Usimwache binamu akakuuzia kama dawa ya miujiza.

Lakini angalia walichokifanya. Hawakungoja kijana agawe shuka. Walianza na darasa zima, wazima na wagonjwa pamoja, wakawafanya wajuane. Na hilo ndilo linaloniuma, maana kujuana sisi tunako tayari! Hanga moja, vitanda vya deka, sufuria moja la ugali na maharage, seksheni inayojua nani anakoroma na nani analia shukani. Hakuna daktari duniani mwenye macho ya aliyelala kitanda cha chini. Ila sisi waalimu tulilitumia kundi hilo kwa adhabu: kosa la mmoja, wote kichurachura. Kuruta akishaona wenzake wameruka kichurachura kwa ajili yake, kesho akiumwa roho atamwambia nani? Anaogopa kuwaponza, anaogopa kuitwa mtegaji, na zaidi ya yote anaogopa kuambiwa "huyu wa Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Ningerudishiwa miaka yangu, jioni moja katika wiki ya kwanza ningewakalisha chini ya mti seksheni kwa seksheni, bila kwata, kila mtu aseme kwao nani amemwacha katika hali gani. Yule wa kwako angesema baba amekufa Februari, na watu kumi wangejua kwa nini hali chakula.

Kwenda kambini au kuahirisha, aamue daktari na mama yake, si wewe. Akienda, karatasi ya daktari iende naye, na usitegemee simu: chagueni mapema afande mmoja au mganga wa zahanati mtakayemfuata. Afande wa kwanza akikujibu kama nilivyojibu mimi, mfuate wa pili. Saa mtunzie. Usimrudishie kwa maneno makubwa, siku akiiulizia mpe.

SWALI: Afande, mdogo wangu alijaribu kujitoa uhai mwaka jana, akapona. Sasa anataka kwenda kuandikishwa jeshini. Jirani ametuambia tunyamaze kabisa kwa sababu ni jinai na atashtakiwa. Ni kweli? (Dada Mkubwa, Eldoret)

JIBU: Jirani anasoma sheria ya zamani. Kwenu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Kwetu Tanzania, kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, jaribio hilo bado ni kosa, jambo ninaloliona baya, lakini hata hapa kusema "nina mawazo haya" hakujawahi kuwa kosa. Kuhusu kuandikishwa, dada, mwaka mmoja ni mfupi. Mpeleke kwanza kwa aliyemtibu, na akiulizwa afya yake asidanganye. Akidanganya mlangoni, ndani hatakuwa na mtu wa kumwendea.

SWALI: Nimesoma mara nyingi hapa habari za "afya ya akili" ya makuruta. Mimi nilipita JKT mwaka 1978. Tuliamshwa saa kumi, tulilima, tulipigwa kwata, hakuna aliyetubembeleza na hakuna aliyejiua. Kulikuwa na mmoja tu hangani kwetu aliyerudi kwao kabla ya kuhitimu, hatukuambiwa kwa nini. Vijana wa leo ni laini, na nyinyi mnawalainisha zaidi. (Mzee wa Jembe, Tabora)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Saa kumi bado wanaamka na jembe bado lipo, usiwe na wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 727,000 walijiua mwaka 2021, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Wengi wao hawajawahi kubembelezwa na mtu.

Barua yako ina kurasa mbili, mhariri ameikata. Kurasa zote mbili ni za ulaini wa vijana, isipokuwa mstari mmoja wa yule aliyerudi kwao. Miaka imepita mingi na bado unamkumbuka. Alilala kitanda gani, mzee? Siku ya mwisho alikupa kitu? Niandikie tena, safari hii uniandikie habari zake.