Umesoma uhusiano wa kimataifa? Majibu ya maswali yenu ya kazi na mshahara

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka IR, yaani uhusiano wa kimataifa, inalipa au hailipi, basi nayachukua moja moja ila ntakaa zaidi pale naona vijana wanapotezwa.

Nikimaliza IR si ndo nakuwa balozi? Balozi analipwaje?

Taratibu ndugu yangu. Balozi ni cheo cha juu kabisa, wengi wanaofika wamesota wizarani miaka mingi, na wengine wanateuliwa kutoka kwenye siasa au jeshini wala hawajawahi kuisoma hiyo kozi. Wewe unaanza afisa wa mambo ya nje na mshahara wa utumishi wa serikali kama wenzako wa wizara nyingine. Utamu unakuja ukipangiwa kituo nje, maana hapo kuna posho na nyumba, na ukirudishwa makao makuu zinakatika, kwa hiyo usijipangie maisha kwa hela ya posho. Na usiwaze biashara ya pembeni ukiwa huko, Mkataba wa Vienna wa 1961 ibara ya 42 unamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara ya kujinufaisha kwenye nchi aliyopelekwa.

UN (Umoja wa Mataifa) wanachukua mwenye digrii moja au lazima masta?

Kuna programu yao ya vijana wataalamu, YPP, digrii ya kwanza inatosha ila usiwe umezidi miaka 32 mwaka wa mtihani, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo, kwa sababu wanatafuta watu wa nchi ambazo hazina wafanyakazi wa kutosha mle ndani. Ukipita unaanza P-1 au P-2, yaani ngazi za chini za wataalamu wa UN. Nje ya hapo P-3 kwa kawaida wanataka masta na uzoefu wa miaka 5, P-4 miaka 7. Mshahara una msingi, afu juu yake nyongeza inayofuata gharama za maisha za kituo, ndo maana P-3 wawili wa miji tofauti hawapokei sawa.

Intern wa Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya utendaji ya UN, halipwi, hilo linaniuma sana kwa vijana wa familia zisizo na uwezo. UNICEF (shirika la UN la watoto) na ILO (la kazi) wanatoa posho, na mtu wa kujitolea kupitia UNV, programu ya UN ya wanaojitolea, anapata ya kujikimu kila mwezi, mimi ningeanzia huko. Jueni pia kwamba mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, shirika lake la misaada, na UN yenyewe ikaanza kubana matumizi, so mnagombania nafasi na watu wenye uzoefu waliopoteza kazi. Na yeyote anayekuomba ada ya maombi au ya interview kwa jina la UN ni tapeli, UN haitozi hata senti.

Sasa hela iko wapi?

Mara nyingi iko kule msikotazama! Benki, bima, kampuni za meli na za mafuta zinahitaji mtu anayeelewa vikwazo. Kazi yenyewe iko hivi: malipo yanaingia, jina la mpokeaji linafanana na la mtu aliyewekewa vikwazo na Baraza la Usalama la UN, mfumo unayazuia, wewe unakaa na tarehe ya kuzaliwa, pasipoti, majina yake mengine, unafuatilia kampuni ni ya nani hasa nyuma ya pazia, kisha unaandika kurasa mbili za kueleza ipite au isipite. Haina bendera wala suti za mikutano, ila mjuzi wake anatafutwa. Kuna pia uchambuzi wa hatari za kisiasa kwa wawekezaji, humo wanaolipwa vizuri ni wale wanaoijua kanda moja kwa undani, siyo wanaojua dunia nzima juu juu.

Binti yangu anataka IR, nimkataze?

Usimkataze mama, mwambie aongeze vitu viwili tangu mwaka wa kwanza, lugha na namba. Sekretarieti ya UN inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, Kiarabu nacho kinafungua milango mingi. Namba ni takwimu au uchumi, mana mwenye IR tupu anayejua kuandika insha tu wapo wengi mno.

Masta mara moja au kazi kwanza?

Kazi kwanza, hata miaka miwili, labda upate ufadhili kamili. Ukishafanya kazi unajua masta ya nini, na mara nyingi utakuta unahitaji ya sheria ya biashara au uchumi badala ya kurudia IR ileile.