Kobe anayetaka kamba wakavu tu

Pole, ndugu yangu uliyeuliza ufanyeje na kobe wako anayekataa kila kitu ila kamba. Kobe wa maji kung'ang'ania kamba wakavu na kusukuma majani kando ni jambo la kawaida; keshazoea utamu. Lakini kamba pekee hawampi vitamini A ya kutosha, na macho yakivimba, mara nyingi sababu ni hiyo. Pima maji kwanza: yakipoa chini ya nyuzi 24 hamu ya kula hupungua. Kisha loweka chakula cha punje, yaani vile vidonge vya kobe vya dukani, kwenye maji uliyolowekea kamba, umpe asubuhi akiwa na njaa, humo humo majini, maana nje hamezi. Majani yachane membamba yaelee yakichezacheza. Wangu alianza kwa kuyafukuza, siku ya tano akang'ata. Mkubwa mwenye afya akigoma siku mbili tatu, usilegee. Akiwa mdogo, au macho hayafunguki, mpeleke kwa daktari wa mifugo.