Amejitoa, mbona jina bado liko kwenye karatasi?

SWALI: Shangazi, assalam alaikum. Hapa nyumbani mume wangu na mjomba wangu hawasemezani sababu ya siasa za 2027. Mjomba asema mtu wa chama kile kingine atasimama kisha uchaguzi ukikaribia amwachie mtu wao, jina lifutwe tu, ati hata Marekani ukijitoa leo wanakufuta leo leo. Mume wangu asema likishachapishwa limechapishwa. Nani yuko sawa? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikum salam mwanangu. Mumeo ndiye aliye karibu na ukweli, na hiyo ya Marekani mjomba amesikia nusu. Kule kila jimbo lina sheria yake na wamegombana sana juu ya jambo hili, na ukifuatilia utaona hakuna chama chenye msimamo, kila mmoja hulilia sheria siku ile inayomfaa.

Mwaka 2002 kule New Jersey seneta wa chama cha Democratic, Robert Torricelli, kashfa ya zawadi imemwandama na anaona anashindwa, akajitoa siku 36 kabla ya uchaguzi na sheria ilikuwa inataka siku 51. Wapinzani wao wa chama cha Republican wakasema muda wa kubadilisha mgombea umeisha. Democratic wakasema mpiga kura apewe mtu wa kuchagua, mahakama ikawakubalia, wakamweka Frank Lautenberg na akashinda. Haya, njoo Texas 2006, miaka minne tu. Tom DeLay, kigogo wa Republican, ashashinda mchujo, akajitoa akasema amehamia Virginia. Sasa Republican ndio wanataka kuweka mwingine na Democratic ndio waliokimbilia korti kusema haiwezekani! Korti ikakataa, Republican wakabaki bila jina kwenye karatasi, ikabidi wafuasi wao waliandike wenyewe jina la mgombea wao, na kiti kikaenda kwa Democratic. Maneno ni yale yale, wamebadilishana tu.

Na 2024 Robert Kennedy Jr., aliyekuwa mgombea huru wa urais, alipomuunga mkono Trump alitaka jina lake litoke kwenye majimbo ambako lingemuumiza Trump. Michigan na Wisconsin likabaki mpaka mwisho. North Carolina mahakama ikaamuru litolewe na tayari karatasi karibu milioni 3 zishachapishwa, ikabidi zichapishwe upya na waliokuwa wakingoja karatasi za kura za posta wakacheleweshwa wiki mbili hivi. Hapo mimi hunipanda hasira, manake anayelipia deni la wakubwa ni mpiga kura.

Kwetu Kenya mwamkumbuka Raila 2017, alijiondoa tarehe 10 Oktoba kwenye uchaguzi wa marudio, lakini tume ya uchaguzi ikasema hakujaza ile fomu 24A ya kujitoa, jina likabaki na bado akapata kura zaidi ya 73,000. Na karatasi zetu hazichapishwi hapa Amu, yaani Lamu, jamani, 2017 zilitoka Dubai, 2022 zikatoka Ugiriki, na mwaka huo huo picha zilikosewa tu kwenye karatasi za gavana Mombasa na Kakamega, uchaguzi wa gavana ukasogezwa mpaka tarehe 29 Agosti.

Sasa mfikirie bibi wa Kiunga au Faza asiyejua kusoma, yeye hutafuta picha na alama ya chama. Mtu ametangaza jukwaani hapa Amu jioni kwamba amemwachia fulani, habari haijafika kule, asubuhi bibi anaiona ile picha, anatia alama yake, anarudi nyumbani ameridhika na kura imepotea. Ndiyo maana nasema anayetaka kujitoa ajitoe mapema, kwa maandishi, kabla karatasi hazijakwenda kuchapishwa, na awe wa chama cha mjomba ama cha mumeo sheria iwe hiyo hiyo.

Kwa hivyo mjomba akija tena na habari ya fulani kamwachia fulani, mwulize barua ya kwenda kwa tume iko wapi na imepokewa tarehe ngapi. Na mwambie asalimiane na mumeo, 2027 bado.